Kushusha Pumzi Kabla ya Kujikaza: Namna ya Kumfundisha Mtoto wa Shule ya Msingi Kukabili Msongo wa Mawazo

Katika miaka niliyofundisha darasa la nne na kushika kazi ya malezi na unasihi shuleni, neno nililolisikia mara nyingi zaidi likitumiwa kumjibu mtoto mwenye dhiki ni "jikaze". Mtoto analia kwa sababu makonda wa daladala tatu wamekataa kumchukua na amechelewa mstarini, anaambiwa ajikaze. Mwingine amekuwa wa mwisho katika mtihani wa mwezi, wenzake wanamcheka, naye anaambiwa ajikaze. Neno hilo husemwa kwa nia njema, na kujikaza ni jambo jema, lakini kujikaza ni matunda ya mafunzo. Si mafunzo yenyewe. Hatumwambii mtoto asome gazeti kabla ya kumfundisha irabu, ila katika mambo ya moyo tunamtaka afike mwisho wa safari bila kumwonyesha njia.

Stadi ninazozieleza hapa zinawafaa watoto wa miaka 6 hadi 13, zinaweza kufundishwa na mwalimu au mzazi yeyote, na hazihitaji kifaa chochote cha kununua. Zinahitaji jambo moja tu ambalo wengi wetu hulipuuza, nalo ni kufundishwa wakati mtoto ametulia. Anayezama hafundishwi kuogelea.

Anza na mwili

Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi wa kike ambaye kila Jumatatu aliomba ruhusa ya kurudi nyumbani kwa sababu ya maumivu ya tumbo. Mama yake alimpeleka zahanati mara mbili, akapimwa choo na mkojo, hakuonekana na ugonjwa wowote. Nami, kwa kuwa maumivu hayo yalikuwa yakitoweka ifikapo saa tano, nilikwishamweka moyoni mwangu katika kundi la watoto wenye hila. Ilinichukua karibu muhula mzima kutambua kwamba Jumatatu ndiyo siku tuliyokuwa tukifanya jaribio la Hisabati, na kwamba saa tano ndipo karatasi zilipokuwa zimekwisha kukusanywa. Nililiona hilo siku niliposimama kando ya dawati lake: alikuwa ameishika penseli kwa nguvu hata ncha za vidole zimekuwa nyeupe, mabega yamepanda karibu na masikio, na pumzi yake ilikuwa fupi kama ya mtu aliyetoka kukimbia. Tumbo lake lilikuwa linauma kweli.

Sababu yake inaeleweka, na mtoto anapaswa kuelezwa. Ubongo unapohisi hatari, huziamuru tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimwage homoni za adrenalini na kotizoli ndani ya damu. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda kifuani, damu huelekezwa kwenye misuli ya mikono na miguu, na kazi ya kusaga chakula hupunguzwa, jambo ambalo huleta kichefuchefu, msokoto wa tumbo na haja ya kwenda chooni mara kwa mara. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko haya mapema katika karne iliyopita kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Yanamfaa sana mtu aliyekutana na mbwa mkali njiani. Hayamfai mtoto aliyeketi mbele ya swali la kugawanya, kwa sababu swali hilo halikimbiwi wala halipigwi, na akili iliyojaa hofu haina nafasi ya kukumbuka jedwali la kuzidisha.

Kwa hiyo, somo la kwanza ni mazungumzo mafupi. Mwambie mtoto: "Mwanangu, tumbo lako halisemi uongo. Mwili wako umedhani kuna hatari, ukajiandaa kukulinda. Leo tutajifunza namna ya kuuambia kwamba hapa hakuna mbwa." Kisha mwulize msongo wake huanzia wapi. Wapo wanaousikia tumboni, wapo wanaotoka jasho viganjani, na wapo ambao hukaza meno. Kila mtoto aijue alama yake mwenyewe, maana anayeitambua mapema huweza kufanya jambo kabla machozi hayajaanza kutoka. Aelezwe pia kwamba wasiwasi kidogo si ugonjwa. Ndio unaotufanya tuchonge penseli jioni na kuamka mapema siku ya mtihani.

Maji yamefika wapi?

Mtoto mdogo akiulizwa anajisikiaje hujibu "vizuri" au "vibaya", na huo ndio mwisho wa mazungumzo. Hana maneno, wala hatujampa. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya aina hii: wasiwasi, woga, fadhaa, aibu, unyonge, upweke, kinyongo, uchungu, kero, wivu. Mimi hufundisha neno moja kwa wiki, na njia iliyonifaa kuliko zote ni kitendawili, kwa kuwa watoto huitikia hata kabla hujamaliza kuvuta hewa. "Kitendawili!" "Tega!" "Nilimwazima mwenzangu kalamu akairudisha imevunjika. Sikusema kitu, lakini tangu juzi sitaki kukaa naye." Darasa hutulia, hukisia hasira, hukisia huzuni, halafu mmoja hupata: "Kinyongo!" Wiki inayofuata watoto huja na vitendawili vyao wenyewe, na humo ndimo utakaposikia mambo ambayo hakuna mtoto angeyasema akiitwa ofisini.

Baada ya maneno, mtoto anahitaji kipimo. Lugha yetu husema mtu aliyelemewa yamemfika maji ya shingo, nami nimeuchukua usemi huo kama ulivyo. Asubuhi, baada ya kuita mahudhurio, ninawaomba watoto waonyeshe kwa mkono maji yamewafika wapi: kwenye vifundo vya miguu ni hali ya utulivu, magotini kuna jambo dogo linalosumbua, kiunoni jambo ni zito, shingoni mtoto anahitaji msaada sasa hivi. Hakuna anayelazimika kueleza. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 huliona darasa zima katika muda wa nusu dakika, kisha humwita faraghani, wakati wa mapumziko, yule aliyeshika shingo. Kwa darasa lenye watoto wanaochekana, waombe wafumbe macho au wainamie madawati kabla ya kuonyesha. Nyumbani kipimo hicho kinaweza kutumika wakati wa chakula cha jioni, na ni vema mzazi naye aonyeshe la kwake: "Leo mama maji yalinifika kiunoni, biashara haikuwa nzuri, sasa yameshuka magotini." Mtoto anayemsikia mzazi akisema hivyo hujifunza kwamba maji hupanda na hushuka.

Kushusha pumzi

Waliotuachia lugha hii walijua jambo ambalo fiziolojia imelithibitisha: mtu aliyeondokewa na dhiki "hushusha pumzi". Tunapotoa hewa polepole, neva ndefu inayotoka kwenye ubongo kuelekea kifuani na tumboni huupunguzia moyo mwendo. Tunapoivuta, mwendo wa moyo huongezeka kidogo. Ndiyo sababu kumwambia mtoto mwenye hofu "vuta pumzi" mara nyingi hakusaidii, kwani atavuta hewa nyingi kwa haraka, ataishikilia kifuani, na huenda akasikia kizunguzungu. Mkazo uwe katika kuishusha.

Mimi hufundisha kwa uji. Ninawaambia watoto wakunje viganja viwili pamoja kana kwamba wameshika kikombe cha uji wa moto kilichojaa hadi ukingoni. Kwanza wanusie harufu yake kwa pua, taratibu, wakihesabu moyoni hadi 3. Kisha wapulize kwa mdomo uliobinywa, wakihesabu hadi 5, kwa upole kiasi kwamba uji upoe bila kumwagika. Mtoto anayepuliza kwa nguvu huambiwa kwamba uji wake umemwagikia sketi, na hapo huelewa mara moja kinachotakiwa. Mizunguko mitano inatosha, ambayo huchukua chini ya dakika moja. Katika siku za mwanzo utaona mabega yakipanda na vifua vikitutumka. Waambie waweke mkono mmoja tumboni, chini ya kitovu, na wahakikishe kwamba mkono huo ndio unaosukumwa mbele hewa inapoingia. Baadhi hufanikiwa zaidi wakilala chali mkekani nyumbani, wakiwa wameweka daftari juu ya tumbo na kulitazama likipanda na kushuka.

Zoezi hili lifanywe kila siku kwa saa ileile, kwa mfano baada ya kengele ya mapumziko watoto wanaporudi darasani wakiwa na vumbi na jasho, kwa muda usiopungua wiki tatu, kabla ya kulitegemea siku ya mtihani au siku ya ugomvi. Mwalimu naye alifanye pamoja nao. Asimame mbele akiwa amekunja viganja vyake, asiwe anasahihisha madaftari. Usilitumie kamwe kama adhabu, wala usimwambie mtoto anayelia kwa hasira "haya, puliza uji wako" kwa sauti ya karipio, kwa sababu siku hiyo litakuwa limekufa kwa darasa zima. Usiwalazimishe wote kufumba macho, maana mtoto aliyewahi kudhuriwa huweza kuogopa zaidi akiwa haoni nani yuko karibu naye. Atazame sakafuni, inatosha. Mwenye pumu apumue kwa kasi yake mwenyewe, bila kuhesabu.

Wapo watoto, hasa wenye hasira za haraka, ambao kupumua hakuwatulizi. Hao wape ndimu. Wafumbate ngumi kana kwamba wanakamua ndimu hadi tone la mwisho, kwa sekunde tano hivi, kisha waiachie kwa ghafla na kuusikiliza mkono ukilegea. Halafu mabega, halafu uso. Mtoto hujifunza tofauti kati ya msuli uliokaza na msuli uliolegea, na kuanzia hapo huweza kuulegeza kwa makusudi. Wengine huhitaji kukimbia tu. Mchakamchaka wa asubuhi, kuruka kamba, rede na kombolela si kupoteza muda wa masomo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na shule inayofuta michezo ya darasa la saba ili kupata kipindi kimoja zaidi cha mazoezi ya mitihani inawanyang'anya watoto dawa yao ya bure.

Kutoka "siwezi" hadi "sijaweza"

Mwili ukitulia, akili hufundishika. Hapa Kiswahili kinatusaidia kwa silabi moja tu. Mtoto akisema "siwezi kugawanya", mwombe aongeze "-ja-": "sijaweza kugawanya". Akisema "sina rafiki", aseme "sijapata rafiki katika shule hii". Silabi hiyo haimdanganyi wala haimsifu bure. Inakiri kwamba jambo halijafanyika na wakati huohuo inaacha mlango wazi. Mwalimu aitumie pia anaposahihisha. Alama ya kosa yenye maneno "hujamaliza hatua ya pili" humwambia mtoto mahali pa kuanzia kesho, ilhali neno "mzembe" humwambia kwamba hana pa kuanzia.

Kisha mfundishe kuligawa tatizo. Chukua jambo halisi, mathalani lile la daladala. Mkae pamoja, mchore mistari miwili kwenye karatasi ili mpate sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza aandike anayoyaweza yeye mwenyewe: kuandaa sare na madaftari usiku, kuondoka nyumbani dakika 20 mapema, kwenda kituo kinachoanzia gari badala ya kituo cha katikati. Katika ya pili aandike yanayohitaji mtu mzima: kumwomba jirani anayeelekea upande huo aongozane naye, mzazi kuzungumza na mwalimu wa zamu ili kuchelewa kusikokusudiwa kusiadhibiwe. Katika ya tatu yabaki yasiyo mikononi mwao, kama mvua, foleni na tabia ya konda. Mwache achague jambo moja tu la sehemu ya kwanza, alijaribu kwa siku tano, kisha mkae tena. Usimpe jibu haraka hata kama unalijua. Nimeona wazazi wenye upendo mkubwa wakimaliza kila tatizo la mtoto kwa simu moja, na mtoto huyo akifika sekondari ya bweni hajui hata namna ya kumwambia mwenzake amrudishie ndoo.

Siku ya mtihani

Tanzania Bara, Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hufanyika Septemba, nao ni mzigo mzito kwa mtoto kwa sababu nyumba nzima huutazama. Sehemu ya hofu hutokana na ugeni, hivyo punguzeni ugeni: wazoeze watoto kusiliba majibu kwenye fomu, kukaa dawati la peke yake, kusimamiwa na mtu wasiyemjua, na kuruka swali gumu na kulirudia baadaye.

Ipo pia mbinu ya kuandika. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba wanafunzi wenye hofu ya mitihani, walipopewa dakika 10 za kuandika kwa uwazi wasiwasi wao muda mfupi kabla ya mtihani, walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika. Wanafunzi hao walikuwa wakubwa kuliko wa shule ya msingi, kwa hiyo mimi huipunguza: dakika 5, karatasi chakavu, hakuna kusahihisha tahajia, hakuna anayesoma, na mwisho kila mtoto huichana yake na kuitupa kwenye ndoo ya taka. Yule binti wa Jumatatu aliandika sentensi moja tu mara ya kwanza, nami nilikuwa nimeahidi kutosoma, hivyo sijui ilisema nini. Nilichokiona ni kwamba aliichana vipande vidogo sana, akarudi kwenye dawati, akakunja viganja, akapuliza. Hakupata alama za juu siku ile. Hakuomba kwenda nyumbani.

Mtu mzima aliye karibu

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi walipokuwa watu wazima. Miongoni mwa waliolelewa katika umaskini na misukosuko mikubwa ya nyumbani, takriban theluthi moja walikua wakawa watu wenye uwezo, wenye kujiamini na wenye kuwajali wengine. Moja ya mambo yaliyowatofautisha na wenzao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewapenda na kuwakubali kwa uthabiti. Si lazima mzazi, huenda ni bibi, shangazi, jirani au mwalimu. Hii ni habari njema kwetu tuliolelewa na ukoo mzima. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna utulivu, mtafutie huyo mtu mmoja.

Lakini mtu huyo hawezi kuwa yuleyule anayeogopwa. Kenya imeharamisha adhabu ya viboko kwa watoto, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelirudia hilo. Tanzania Bara kanuni bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vinavyotolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Ninasema wazi kwamba kilichoruhusiwa na kanuni si lazima kifanywe. Mtoto anayetazama mkono wa mwalimu badala ya ubao ana mwili uliojaa kotizoli, na hakuna zoezi la pumzi litakaloushinda mwili huo huku fimbo ikiwa mezani. Mwalimu aliyepandwa na hasira atoke nje ya mlango, apulize uji wake, arudi. Watoto watamwona, na hilo litakuwa somo la nguvu kuliko yote aliyowafundisha kwa maneno.

Nyumbani, badilisheni swali. Mtoto akirudi na ripoti, swali la kwanza tunalouliza ni "umekuwa wa ngapi?" Jaribuni "ni wapi palikuwa pagumu, nawe ulifanyaje?" Lindeni usingizi pia, kwani wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku, na anayeamshwa saa kumi alfajiri baada ya kulala saa tano usiku kwa sababu ya tuisheni ataonekana mkorofi au mzito wa kuelewa, ilhali amechoka tu.

Mahali ambapo mtoto hapaswi kustahimili

Stadi hizi zina mpaka. Njaa haipulizwi ikapoa, wala kipigo, wala kudhalilishwa kingono, wala kuonewa na wakubwa njiani. Kumfundisha mtoto atulie ndani ya madhara ni kumsaliti. Fuatilia aliyebadilika ghafla: aliyekuwa mchangamfu akawa kimya, aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayeogopa mtu fulani au njia fulani, anayejiumiza, au anayesema ni heri asingekuwepo. Huyo mwulize mahali pa faragha lakini panapoonekana na wengine, msikilize bila kumkatiza, mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake. Usimwahidi kwamba utaitunza siri. Mwambie kwamba utawaeleza wale tu wanaoweza kumlinda, na utimize siku hiyohiyo kwa kuwasiliana na afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Tanzania na Kenya zote zina namba ya simu ya huduma kwa mtoto, nayo ni 116, isiyotozwa malipo. Namba hiyo iandikwe ndani ya jalada la daftari la kila mtoto, na tena kwa herufi kubwa ukutani nyuma ya darasa. Isiishie kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mwalimu mkuu, ambako mtoto haingii mpaka aitwe.